Pasi Niliyoikataa

Karimi mwanangu,

Barua hii haitapita posta wala haitasomwa na karani wa hedmani, huyu mkuu wetu wa kijiji. Nitakupa mkononi jioni hii kabla filimbi ya kafyu haijalia, na ukishaisoma uiingize chini ya sufuria pamoja na kuni. Usiibebe kwenye mzigo wako wa kesho. Kuna mambo humu ambayo askari akiyakuta kwako hatakuuliza mara mbili.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na wewe uko hapo nje, karibu kabisa na cherehani yangu, unachambua maharagwe na mama yako. Ningependa tuongee. Lakini tangu watuhamishie katika kijiji hiki, nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya ni wewe unayejipangusa pua, na homgadi na bunduki yake ya serikali anapita nyuma ya ukuta akitafuta la kumpelekea hedmani. Kimeru ni cha mdomoni mwangu tu, kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nivumilie.

Mambo ya safari siyagusi. Blanketi, sabuni, leso ya kufunika mdomo, hayo yote mama yako ameshakwambia, na atakwambia tena kesho ukiwa umeshapanda lori. Mimi nina jambo moja.

Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia, "Mama, nimeshakubali mbele ya watu. Siwezi kurudi nyuma. Na baba si alivumilia mpaka mwisho?" Mimi nilikuwa napitisha uzi, na sindano ikanidunga kidole. Maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, hospitalini, na yalinigharimu kitu ambacho sitakipata tena.

Hapa nyumbani mmenifanya shujaa. Mwasema baba alikubali kujaribiwa dawa ya kifua wakati wengine walikimbia, hakuruka siku hata moja, daktari akamsifu mbele ya wageni wake. Hiyo ya daktari ni kweli. Alinishika bega akasema kitu, na dresa, yule msaidizi wake wa wodini, akanitafsiria kwamba mimi ndiye mgonjwa mwaminifu kuliko wote waliojitolea. Nilisimama pale nikitabasamu, nimetoa kifua mbele kile kile kilichokuwa kibovu. Sikumwambia kwamba nilichokuwa nacho ni hofu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye moto.

Kabla ya hospitali nilikuwa nimelishwa viapo viwili. Cha kwanza, cha watu wa msituni, nilikipata kabla hatujahamishwa, tukiwa bado kwetu juu, karibu na msitu. Nilialikwa kwenda kushona nguo za harusi. Nilibeba na futi yangu ya kupimia, mjinga mimi! Hapakuwa na harusi. Palikuwa na nyumba yenye giza, na upinde wa majani ya migomba, na mtu aliyenishika shingo nikameza nilichopewa. Niliambiwa nikivunja, kiapo kitaniua mimi, na baada yangu watoto wangu. Cha pili kilikuja na serikali. Walitukusanya uwanjani, tukaapishwa tena ili cha kwanza kitoke, na tukaambiwa yeyote atakayevunja hiki naye atakufa na nyumba yake. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba vifo viwili tumboni, kimoja kinavuta huku na kingine kule, nami natembea katikati nikisalimia kila mtu kwa adabu.

Ndipo nikaanza kutema damu. Walinipa pasi, karatasi ya ruhusa ya kwenda hospitali, nikavuka daraja la handaki hili linalotuzunguka kwa mara ya kwanza tangu walichimbe. Wewe ulikuwa umesimama na ndoo. Unakumbuka? Uliniuliza nitarudi lini.

Wodini tulikuwa wanaume wa kila upande: Wameru, Waembu, Wambeere kutoka kule chini kwenye ukame. Dresa alikuwa Muembu aitwaye Njeru, kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Siku moja alituita sisi wagonjwa wapya, tukasimama mstari mmoja mbele ya daktari Mzungu. Njeru akaeleza. Kuna dawa hii, na kuna dawa hii ikichanganywa na ile nyingine chungu. Daktari hajui ipi inashinda. Wengine watapewa hii, wengine ile, na hakuna atakayejichagulia, wala daktari hatamchagulia mtu. Anayetaka akubali, asiyetaka atatibiwa tu kama kawaida.

Maneno hayo ya mwisho yalisemwa, mwanangu. Nayakumbuka sasa. Lakini siku ile masikio yangu yaliyapitisha kama upepo, kwa sababu macho yalikuwa yanaona kitu kingine. Yaliona watu wamepangwa mstari. Yaliona tunaulizwa mmoja mmoja mbele ya wengine. Yaliona mtu anaweka kidole gumba kwenye wino, kisha anameza anachopewa huku anaangaliwa, na anaambiwa asikose hata siku moja, na asimpe mtu mwingine hata kidogo. Wewe ungedhani ni nini? Nilisema moyoni, haya, hiki ni cha tatu.

Njeru akaniuliza, "Mzee, umekubali?"

"Nimekubali."

Ningesema nini? Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu akitaka jibu jingine.

Basi nikawa mwaminifu! Dawa yangu ilikuwa ile ya kuchanganywa, vidonge vikubwa vya kukwama kooni na kupindua tumbo. Wenzangu wengine walivificha chini ya godoro, na Njeru alipowapima mkojo akawajua, akawasuta tu, wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwatazama nikisubiri waanze kufa. Nikitapika, niliomba kingine nimeze upya, na Njeru akashangaa, akaenda kumwambia daktari. Hivyo ndivyo sifa zangu zilivyoanza.

Na wodi yenyewe haikuwa mbaya. Nataka ulijue hilo pia, maana kesho kutwa utalala humo upande wa wanawake. Uji ulikuwa mzito. Dirisha lilikuwa kubwa, na asubuhi wingu likipanda, mlima Kirinyaga ulionekana wote, mweupe juu. Hapakuwa na filimbi. Nilianza kuwashonea wenzangu vifungo, kisha mashuka ya wodi, na walinipa kiti karibu na mlango ili nipate mwanga. Mlango huo ulikuwa wazi mchana kutwa. Niliketi hapo miezi na miezi, na kila nilipoinua macho, pale penye mlango niliona ukuta.

Ndipo binamu yangu Mwirigi akafika kutoka Muthara, alikokuwa mama yangu. Alikuwa ametembea na kupanda malori, pasi yake imekunjwa ndani ya kofia. Akaniambia mama yangu ameanguka, hali chakula, na anataja jina langu. "Amesema uende hata kama ni kumshika mkono tu," akasema. "Ukikawia hutamkuta."

Njeru alisikia. Hakungoja nimwombe. Alienda kwa daktari akarudi na karatasi mkononi. "Mzee, daktari anasema uende. Hii ni pasi, ameandika mpaka Muthara na kurudi. Dawa tutakufungia ubebe. Na kama utakaa huko muda mrefu, haidhuru, utatoka kwa hii ya majaribio, ukirudi tutakutibu tu."

Pasi, Karimi! Katika miaka hii, mama yako akitaka kupeleka ndizi sokoni Gakoromone anaomba mpaka ndizi zinaiva na kuoza. Na mimi nimeletewa pasi kitandani, imepigwa muhuri, bila kuomba.

Niliiangalia ile karatasi, na nilichosikia ni lile neno moja tu, utatoka. Nilijua anayetoka hupatwa na nini. Niliwaza wewe na ndugu zako mmelala mmejipanga kwenye mkeka, nikawaona mmekuwa baridi. Nikamrudishia Njeru pasi yake.

"Siwezi," nikamwambia. "Nimeshakubali mbele ya watu."

"Lakini mzee, si unaruhusiwa?"

"Siwezi kurudi nyuma."

Mwirigi alinitazama kama mtu asiyenijua. Alivaa kofia yake, akaondoka. Baadaye alinisimulia alivyomkuta mama. Alishindwa kumwambia kwamba nimekataa, kwa hiyo akanyamaza, na mama akajijibu mwenyewe. Akasema, "Wamemfungia. Mwacheni mwanangu, wamemfungia." Akazikwa kesho yake.

Nyanya yako alikufa akiamini mwanawe yuko kifungoni. Na mimi nilikuwa kwenye kiti, mlango wazi, nashona shuka.

Nakuandikia na machozi yananitoka, sioni haya. Jina lako ni lake. Ndiyo sababu nikikuita mama wakati mwingine nanyamaza ghafla, nawe wadhani nimekasirika.

Sasa nikwambie nilivyojua kwamba nilijidanganya, maana haikuwa kwa akili yangu. Kitanda cha pili kutoka changu alilala Mmbeere mmoja, Nyaga, mchungaji wa mbuzi, mtu wa kuongea kama redio. Yeye pia alitia kidole kwenye wino siku ile ile nami. Asubuhi moja akafunga blanketi lake, akaenda zake. Wiki zote zilizofuata nilikuwa nasubiri habari ya msiba wake. Hata nilimwombea, kwa siri. Ndipo akaja, jua la saa nne, kupimwa kifua. Amenenepa! Amebeba kibuyu cha asali kwa ajili ya Njeru.

Nikamuuliza, "Nyaga, uko hai?"

"Kwani ulisikia nimekufa?"

"Wewe si ulitoka kwa kile... kwa ile dawa?"

"Aa, hiyo? Mimi nilimwambia daktari nimechoka, inanitapisha, na mbuzi zangu hakuna mtu wa kuangalia. Akasema ni sawa. Akanipa dawa ile ya watu wote, nakuja kuchukua hapa kila mwezi."

"Ulimwambia tu hivyo?"

"Sasa ningemwambia aje?"

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ziko. Moja imezaa mapacha."

Karimi, nilimchukia mtu yule kwa kuwa hai. Nakwambia ukweli. Nilitamani angekuwa amekufa, au hata mbuzi mmoja tu awe amekufa, ili mama yangu awe amekufa kwa sababu. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko la hospitali mpaka Njeru aliponitafuta. Nilimweleza yote, viapo vyote vitatu, cha tatu kikiwa chake. Alifunika uso kwa mikono. Akasema, "Mzee, mimi niliwauliza tu kama mnataka." Na ni kweli, aliuliza tu. Hakuwa na kosa. Wala daktari hakuwa na kosa. Ila sisi tulikuwa watu tuliomezeshwa sana, na mtu wa namna hiyo ukimuuliza anataka nini, anatafuta fimbo iko wapi.

Nilimaliza ile dawa. Kifua kikapona, wala sikatai kwamba kilipona kwa dawa ile. Nilirudi, nikavuka daraja, likainuliwa nyuma yangu, na nimekaa ndani ya handaki hili mpaka leo. Kila siku nikiwashonea mahomgadi viraka vya suruali huwa nakumbuka mlango ule.

Ndiyo maana wiki iliyopita, lori la hospitali lilipokuja, niliacha kushona nikaja kusimama karibu. Walipima makohozi ya kijiji kizima, yako yakaonekana na ugonjwa. Hedmani akasoma jina lako kwa sauti ile ya kuitia watu kazi ya kuchimba. Dresa, kijana mwingine, si Njeru, akakueleza vizuri kabisa habari ya dawa mpya inayolinganishwa na ya zamani. Nilimsikia, hakuficha kitu. Lakini wewe ulikuwa umepangwa mstari, na homgadi amesimama nyuma yako na bunduki, anakuna sikio. Dresa akauliza, "Dada, unakubali?" Ukasema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Niliijua ndiyo hiyo. Ilitoka mahali ilipotoka ile yangu.

Nisikufiche lingine. Sio kila aliyemeza dawa na mimi alitoka kwa miguu yake. Kitanda cha karibu na dirisha kilibadilisha wenyewe. Wengine walikuwa kwenye dawa kama yangu, wengine kwenye ile nyingine, wengine walikuja wakiwa wamechelewa sana. Ukimuuliza daktari ipi itakuponya atakwambia hajui, na hapo usimdhanie mwongo. Angejua asingejaribu. Anayejitolea anasimama pamoja na daktari mahali asipopajua yeyote kati yao, ili atakayekohoa kesho apajue. Ni kitu kizuri. Nikikikumbuka bila hofu yangu, najivunia kwamba kidole changu kiko kwenye ule wino. Lakini ni kizuri tu kama mtu amekitoa mwenyewe. Mimi nilinyang'anywa, na aliyeninyang'anya ni mimi.

Basi ukifika kule, watakuuliza tena kabla hawajaanza. Wana desturi hiyo. Siku hiyo nyuma yako hakutakuwa na bunduki, utatazama utaona ukuta mweupe tu na labda mwanamke anapiga deki. Uliza usichoelewa. Uliza mara ya pili hata kama mstari ni mrefu na walio nyuma wanaguna. Ukiona unataka, kubali. Ukiona hutaki, sema hutaki, utatibiwa kwa ile ya watu wote kama Nyaga. Na ukikubali leo, kisha baada ya mwezi moyo ukakataa, sema siku hiyo. Hakuna atakayekufa hapa nyumbani. Mimi sitakufa, mama yako hatakufa, wadogo zako hawatakufa. Ikitokea mmoja wetu ameugua tukakuita, na wakakupa pasi, ishike kwa mikono miwili uje. Ukiona hatujakuita, basi tu salama, kaa upone.

Usivumilie kwa sababu yangu. Hilo ndilo ninalokuomba. Usije ukajilaza pale ukasema baba alivumilia. Baba hakuvumilia. Baba aliogopa kuinuka.

Sasa kuhusu kesho asubuhi. Lori litasimama ng'ambo ya handaki. Mimi sina pasi, nitafika mpaka penye mbao za kwanza za daraja na hapo homgadi atanyoosha mkono. Nitakuwa nimekubebea mzigo wako. Kabla sijakupa, nitakuuliza kwa sauti, mbele ya mama yako na mbele ya yeyote anayetaka kusikia: Karimi, unataka kwenda?

Usinijibu haraka. Angalia huku na huku kwanza. Lori litangoja, na hedmani akipiga kelele ni mimi atakayenipigia, nimezoea. Ukisema hapana, nitageuka na mzigo wako begani turudi nyumbani, nitakushika mkono, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza kwa nini, si kesho, si siku nyingine. Nitalisimamia neno lako hata kama litanipeleka mbele ya hedmani.

Nakusikia unakohoa hapo nje sasa hivi, na mama yako ameacha maharagwe akakushika mgongo. Mungu anajua ninavyotaka useme ndiyo. Nataka upande lori hilo kuliko ninavyotaka kuona shamba letu tena. Usiku nisipolala huwa nakusukuma juu ya lori hilo kwa mikono yangu miwili.

Lakini nitakuuliza, mama. Na nitangoja jibu.

Baba yako,
hapa kwenye cherehani